Mke wa Kipaza

Jumapili, 3 Machi

Kombe la ligi limeanza leo, na mvua imeanza nalo. Kibanda cha watangazaji pale uwanjani kina bati lililotoboka juu ya kiti changu. Juu ya kiti cha Kipaza ni zima. Nimekaa na mwavuli begani, miguu kwenye maji, nikisoma tangazo la sabuni ya kufulia kwa ile sauti ambayo mkuu wa vipindi anaiita sauti ya asali: "Mama, mpe baba shati jeupe." Mpira ukitoka nje, nasoma mimi. Mchezaji akiumia, nasoma mimi. Mpira ukirudi uwanjani, anaongea Kipaza. Ndiyo maana kituo kizima wananiita Matangazo.

Kipaza ndiye mtangazaji wa mpira. Sauti anayo, sitamnyima haki yake. Akiliita bao, hata aliye bafuni anatoka mbio. Macho ndiyo hana. Hajui nani kaingia na nani katoka mpaka mtu amwambie, na mtu mwenyewe ni mimi. Naandika kwenye vijikaratasi, namsogezea: nani kahamia wapi, kiungo gani kachoka, kocha anataka nini. Yeye anasoma, mdomo ukitangulia, akili ikija baadaye na miguu mitupu. Leo mzee mmoja kapiga simu kituoni, akasema, "Kipaza, wewe unauona mpira kabla haujachezwa." Kipaza kamshukuru. Mimi nikasoma tangazo la dawa ya meno.

Naandika humu kwa sababu nyumbani nimeshawachosha na malalamiko.

Jumatano, 6 Machi

Nimempeleka binti yangu kununua viatu vya mpira. Ana miaka kumi, anacheza kiungo wa chini kwenye timu ya shule, pekee wa kike kati ya wavulana, na kwa ajili ya namba ya mgongoni nyumbani tunamwita Sita. Ndivyo nami nikawa Mama Sita.

Muuzaji alitupeleka kwenye rafu ya wasichana bila kuuliza. Viatu vya waridi, vyenye ua pembeni na soli laini kama ndala. Sita akageuza kimoja, akapitisha kidole chini.

"Hivi havina meno," akasema.

"Ni vyepesi, vinapendeza," muuzaji akamwambia. "Wasichana wote wanachukua hivi."

"Wakienda wapi?"

Nilitaka kucheka, nikaona nimwachie mwenyewe. Tulichukua vyeusi kutoka rafu ya wavulana. Muuzaji akiwa anavifunga akaniuliza kama kaka mtu tulishampima mguu. Nikamwambia kaka mtu hajazaliwa.

Njia nzima Sita alinieleza kwa nini timu ya mji wetu inafungwa kila mara kwa krosi za kushoto. Mtoto ana jicho. Nilimwomba arudie, nikaandika kiganjani ili nimpe Kipaza Jumapili.

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Suluhu. Kipaza kaisema ile hoja ya Sita ya krosi za kushoto, na wasikilizaji wamempongeza kwa utafiti.

Jumapili, 17 Machi

Leo kumetokea kioja.

Mwanzoni mwa kipindi cha pili winga wa wenyeji, yule anayeteremsha soksi, alirudishwa nyuma kucheza beki baada ya mwenzake kuumia. Uwanja mzima uliona isipokuwa Kipaza. Nikamwandikia. Akaendelea kumwita winga. Nikamwandikia tena. "Winga gani huyu, jamani, anakaba namna hii," akasema, akishangaa kwa dhati. Mara ya tatu nikaandika kwa hasira, kwa herufi kubwa, nikambandikia karatasi mezani mbele ya pua yake. Na yeye, mdomo ukiwa mbioni, akaisoma yote hewani kama ilivyo: "Huyo si winga tena amerudi beki zamani nimekuandikia mara tatu hebu fungua macho unatuaibisha."

Fundi mitambo aliinamia vifaa vyake, mabega yakimtikisika. Kipaza alinitazama, akaitazama karatasi, kisha akajikaza. "Ndugu wasikilizaji," akasema, "hayo ni maagizo kutoka kwa wakubwa zangu."

Simu hazikukatika mpaka jioni. Watu wamecheka mpaka wamelia. Na wote wameshakata shauri kwamba huyo ni mke wa Kipaza, kamfuata mpaka kibandani kumgombeza. Mke wake ni mwalimu wa hesabu na hajawahi kukanyaga uwanjani, lakini nani atawaambia? Katika simu zote hizo hakuna hata mmoja aliyeuliza kama aliyeandika alikuwa sahihi.

Jumatatu, 18 Machi

Mkuu wa vipindi kaniita. Niliingia nimeshavaa sura ya kufukuzwa. Ndani nikamkuta na dada wa kampuni ya sabuni, anayesimamia matangazo yao, kompyuta wazi mapajani. Wote wawili wananichekea. Hapo nikaogopa zaidi.

Wanataka kipengele. Kila mechi, wakati wa mapumziko: "Mke wa Kipaza", kwa hisani ya sabuni. Mke niwe mimi.

"Kwa hiyo nitakuwa namkosoa?" nikauliza.

"Hapana, dada yangu," akasema dada wa sabuni. "Wewe hujui mpira. Unauliza tu. Kuotea ni nini, kwa nini kipa peke yake ndiye anayeshika. Vitu vya kike kike hivyo. Halafu yeye anakueleza kwa upole."

"Jana watu wamecheka kwa sababu huyo mke alikuwa anajua."

"Jana ilikuwa mara moja. Mke anayejua kuliko mumewe, wiki ya kwanza anachekesha, wiki ya pili anakera. Tumelipima hilo." Akanigeuzia skrini yenye michoro ya rangi. Nilimtazama usoni nione kama anaamini. Alionekana kuchoka tu, kama mtu aliyekwisha kusema maneno hayo kwenye ofisi nyingi.

Mkuu alinisindikiza hadi kwenye ngazi. Ndiye aliyeniajiri wakati wengine walisema sauti yangu ni ya kuombea maji, kwa hiyo namheshimu. "Matangazo," akaniambia, "masikio ya watu lazima yakuzoee kwanza. Fanya hiki kichekesho. Fainali ikifika, kipindi cha pili chote ni chako. Utatangaza wewe. Nakuahidi mbele ya Mungu."

Tangu nimekaa kwenye kiti kile cha kuvujiwa, hakuna aliyewahi kunitamkia neno hilo. Nilikubali kabla hajafunga mdomo.

Baba Sita, ambaye siku nzima yuko na majokofu mabovu ya watu, aliweka bisibisi chini akanikumbatia. "Si unaingia hewani? Mengine yatajileta." Sita alikuwa anafunga kamba za viatu vyake vipya. Akauliza, "Utajifanya hujui kuotea?"

"Kidogo tu," nikamwambia.

Jumapili, 24 Machi

Maswali naandika mimi. Majibu naandika mimi pia, maana Kipaza akiachwa peke yake hata kona ataieleza kombo. Kwa hiyo jana nilikaa mezani nikajiuliza ya kijinga, nikajijibu ya maana, na ya maana yote nikayaandikia jina la Kipaza.

Dada wa sabuni alitaka tuanze na kile kichekesho cha tangu enzi za bibi: "Baba, mbona watu wote hawa wanagombania mpira mmoja, si wanunuliwe kila mtu wake?" Nikakisema. Alitaka pia kicheko, kiwe cha puani, kifuate kila swali. Nilikijaribu mara nyingi chooni kabla ya mechi. Kipaza akajibu, "Mke wangu, sikiliza," akaeleza kuotea kwa maneno yangu. Yule mzee wa simu kasema tangu azaliwe hajawahi kueleweshwa kuotea vizuri namna hiyo.

Ijumaa, 29 Machi

Muuza nyama kanijua kwa sauti. Kabla ya kunipimia alipanga vipande vya nyama kwenye ubao, ini likawa kipa, mfupa ukawa mwamuzi, akanifundisha penalti. Watu wa kwenye foleni wakamsaidia kwa furaha. Aliupanga ukuta wa mabeki mbele ya penalti. Nikasema asante, nikachukua nyama yangu.

Hawana ubaya, hilo ndilo linaloniudhi. Wananipenda. Miaka yote nimesoma matangazo hakuna aliyenijua, na sasa nikisema "habari za leo" mtu anageuka akiwa na tabasamu tayari.

Jumapili, 7 Aprili

Mechi imeahirishwa, uwanja umekuwa bwawa. Kipengele hakikuahirishwa. Tumekirekodi studio.

Jumanne, 9 Aprili

Nimeitwa shuleni. Sita kampiga mwenzake ngumi ya mdomo. Mvulana alisema mamake Sita ni yule mama asiyejua mpira wa redioni, na kwamba ndiyo maana Sita anapoteza pasi. Tuliomba radhi, Sita akapewa adhabu ya kufagia.

Njiani alitembea mbele yangu. Kisha akasimama.

"Mama, kwa nini usiwaambie tu kwamba unajua?"

"Ni kazi, mwanangu."

"Kazi ya kutojua?"

Nikamweleza habari ya fainali. Nikamwambia avumilie, mama atatangaza kipindi cha pili chote, hao wanaocheka watanyamaza wenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa." Kisha akaniuliza ni wiki ngapi zimebaki, na mimi nikajikuta nampa jibu refu kama mtu mwenye deni.

Jumamosi, 13 Aprili

Wameweka bango kubwa kwenye njia panda. Kipaza kashika kichwa, anacheka. Kando yake mwanamke kapiga magoti mbele ya beseni la mapovu, anafua mpira wa miguu. Anausugua kabisa, ulimi nje, kama shati la shule.

Mwanamke mwenyewe si mimi. Wamemkodi mtu wa picha, mdogo, kiuno chembamba. Nilipomuuliza dada wa sabuni akaniambia kwa upole kwamba redio ni sauti na bango ni sura, nisichukulie vibaya. Baba Sita alipoliona alicheka kabla hajanikumbuka. Halafu akalikohoa lile cheko, tukaendelea kutembea.

Alhamisi, 18 Aprili

Leo mke halisi wa Kipaza kaja kituoni. Nilikuwa nasubiri kurekodi. Mwanamke mrefu, mkoba wa madaftari begani, chaki kwenye mkono wa gauni. Nilidhani anamtafuta mumewe, kumbe ananitafuta mimi.

"Wewe ndiye unayenitukanisha," akasema. Hakupaza sauti. "Nafundisha hesabu miaka kumi na minne. Wiki hii nimeandika ubaoni, mtoto wa nyuma akaniuliza kwa ile sauti yako, 'Mwalimu, si wanunuliwe kila mtu wake?' Darasa zima likacheka. Mwalimu mkuu naye akacheka."

Nikamwambia si mimi niliyebuni, ni kampuni.

"Kampuni haina mdomo. Mdomo ni wako."

"Na mumeo je? Si naye anacheza?"

"Mume wangu kwenye hicho kichekesho ni mtu mwenye akili," akasema. "Yeye kapoteza nini?"

Akaondoka. Kipaza alikuwa nyuma ya mlango wa studio, kasikia yote. Nilimtarajia atoe utani. Akaniambia, akitazama viatu vyake, kwamba usiku mke wake hamsemeshi, na kwamba yeye anajua fika bila vijikaratasi vyangu hana la kusema hewani. "Usidhani sijui," akasema. "Naogopa tu siku na wao watakapojua." Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma, na huruma yenyewe ikanikasirisha.

Jumapili, 28 Aprili

Tumerudi na ushindi na matope. Nilipokaribia nyumbani nikasikia sauti yangu upande wa pili wa ukuta. Nikasimama.

Alikuwa Sita. Amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, majirani wamemzunguka, wengine na vikombe vya chai. "Baba, yule aliyevaa nyeusi mbona hapewi pasi, kawakosea nini?" akasema, halafu kile kicheko cha puani, kamili kuliko changu. Watu walijipiga mapaja. Mama wa nyumba ya jirani akampa biskuti. "Mtoto huyu ana kipaji," akasema, "kama mama yake."

Sita aliponiona hakuona haya. Alikuwa na furaha usoni, na mdomo umejaa biskuti. Nilimpa begi langu alibebe, tukaingia ndani. Ningemwambia aache nini, wakati kesho ningeamka niandike maswali mengine?

Jumatatu, 6 Mei

Viatu vyeusi viko chini ya kitanda, vina vumbi. Nimemuuliza kuna nini, kwani Jumatatu ni siku ya mazoezi. Anasema amehamia mpira wa pete.

"Mwalimu kakuhamisha?"

"Hapana. Mimi mwenyewe. Kule wasichana wengine wapo, na mimi ndiye ninayewachekesha."

Nikasema basi nitaenda kuongea na mwalimu. Akaniambia, kwa utulivu wa mtu mzima, "Mama, kwani hata ukienda utaongea naye kwa sauti gani?"

Nimelia jikoni. Baba Sita kaja, kaosha vyombo vyote bila kuambiwa. Kaniambia nisubiri fainali, kwamba mtoto akinisikia natangaza kwelikweli atarudi mwenyewe. Nimeshikilia hapo. Imebaki hiyo tu.

Jumapili, 12 Mei

Nusu fainali. Nimeuliza kwa nini kipa asipewe beseni badala ya glavu. Dada wa sabuni kaniletea katoni nzima ya sabuni kwa wazo hilo.

Jumapili, 19 Mei

Fainali. Naandika mezani, wengine wamelala, nguo zangu bado zina unyevu wa uwanjani.

Asubuhi mkuu alikuja mwenyewe kibandani, kavaa shati jipya. Bati lilikuwa limezibwa. Nikajisemea, kumbe mtu huyu ni wa ahadi. Akanivuta pembeni.

"Kipindi cha pili ni chako, kama tulivyokubaliana," akasema. "Ila kampuni wanaomba utangaze kama Mke. Yaani Mke anajaribu. Anakosea kosea, anaita kona penalti, Kipaza anamsahihisha. Watu watavunjika mbavu."

"Uliniahidi mbele ya Mungu."

"Na natimiza mbele ya Mungu huyohuyo. Maikrofoni si utashika wewe?"

Ningeweza kuondoka pale pale. Nilimfikiria Sita nyumbani, ameshaambiwa na baba yake akae karibu na redio. Nikakaa.

Kipindi cha kwanza wageni wakapata bao moja. Mapumziko tukafanya kichekesho chetu, nikacheka puani. Timu ziliporudi, Kipaza alivua vile vya masikioni, akaviweka mbele yangu taratibu. "Tumbo," akasema, akatoka akafunga mlango. Fundi mitambo aliutazama mlango, akanitazama mimi, akainua kidole: uko hewani.

Nikatangaza. Sikuita kona penalti. Ile asali niliitema, nikatumia sauti yangu ninayoitia watoto wakicheza mbali. Niliwaambia watu nilichokuwa nakiona: kwamba kiungo wa wageni anashika kiuno kila mpira ukisimama, kwamba mapafu yamemwisha na kocha wake hajaona, kwamba pale katikati pamebaki wazi na wenyeji wakipita hapo watapata. Wakapita hapo wakapata. Bao la kusawazisha nililiita kabla wavu haujatikisika. Fundi mitambo alisimama juu ya kiti. La pili lilikuja mwishoni kabisa, kichwa cha beki mfupi ambaye hakuna aliyemkaba kwa sababu ya ufupi wake, na hilo nalo nilikuwa nimeshalisema. Msimu mzima sijawahi kuwa na furaha kama ile, na pengine hata kabla ya msimu.

Filimbi ya mwisho ilipolia Kipaza akarudi, karanga mkononi, akakaa kwenye kiti chake. Tukafungua simu.

Wa kwanza alikuwa yule mzee wetu. "Kipaza, leo nimekuvulia kofia. Mwanamke hakuwa anajua hata kona. Miezi miwili tu umemfundisha, leo kakutangazia fainali. Wewe si mtangazaji, wewe ni chuo."

Wa pili alikuwa mama mmoja. Alisema laiti mumewe angekuwa na subira kama ya Kipaza. Wa tatu akasema hivyo hivyo, wa nne naye akasema hivyo hivyo. Nilimgeukia Kipaza. Neno moja tu lilitakiwa, na mtu wa kulisema alikuwa yeye, kwa sauti ile ambayo watu wanaiamini. Alinitazama, nikaona kabisa kwamba analijua hilo neno. Akasogea kwenye maikrofoni.

"Asanteni sana," akasema. "Haikuwa rahisi."

Akaniwekea mkono begani. Nikauondoa.

Nje alinifuata kwenye matope akitaka nimwelewe. Kwamba alinipisha makusudi, tumbo lilikuwa zima. Kwamba hewani angesema nini, aseme mimi ndiye ninayemwandikia, halafu kesho ale nini? Yote ya kweli. Nilimwambia akamwambie mkewe maneno hayo hayo, nikaenda zangu.

Nyumbani Baba Sita alikuwa amekusanya majirani. Alininyanyua kutoka ardhini. "Umenisimamisha nywele, mke wangu. Na ile ya kiungo aliyechoka, Kipaza kakufundisha vizuri sana ile." Aliitamka bila ubaya wowote, kama mtu anayesifia chai. Miaka kumi na miwili nimelala na mtu huyu ubavuni, redio ya mpira katikati yetu. Mmoja wetu amekuwa akisikiliza nini muda wote huo?

Sita alikuwa pembeni na rafiki zake wa mpira wa pete. Nilimwita, nikapiga goti, nikamshika mabega. "Umenisikia?"

"Nimekusikia." Alikuwa ananitazama kwa mashaka kidogo. "Mama, mbona kipindi cha pili hukuchekesha? Wenzangu walikuwa wanasubiri."

Jumatano, 22 Mei

Mkuu anataka msimu mwingine. Sasa Mke atakuwa amejua kidogo, na mwaka unaofuata kidogo zaidi. Dada wa sabuni ameshachora ngazi yake. Nikamwomba mkuu kitu kimoja: anitangaze kwa jina langu, nikae kiti cha Kipaza hata mechi moja ndogo.

"Watu watachanganyikiwa," akasema. "Wameshakujua wewe ni nani."

Nikaacha kazi. Hakuamini mpaka nilipofika ngazini. Baba Sita alisema atatafuta majokofu zaidi, na kwamba alisema upuuzi Jumapili. Kasema bila kulazimishwa. Nimempokelea, ingawa maneno yale ya Jumapili bado hayajanishuka.

Jumapili, 26 Mei

Mvua zimekwisha. Leo ni mechi ya kirafiki ya kufunga msimu. Mimi nisingesikiliza, ila Sita aliwasha redio. Wavulana wawili wa darasani kwake walikuwa wamekuja kufanya kazi ya shule, madaftari sakafuni. Mimi nilikuwa napiga pasi sare yake ya kesho.

Mapumziko wakaleta Mke mpya. Ni msichana wa mapokezi, nilimjua kwenye herufi ya kwanza. Ana sauti nzuri, na kicheko ameshafundishwa. "Baba," akauliza, "mpira ukirushwa kwa mikono kutoka nje, mtu anaweza kuotea?"

Kipaza akakohoa. Nilimwona kabisa akitafuta kikaratasi mezani. "Bila shaka, mke wangu," akasema. "Kuotea ni kuotea, mpira uwe wa mguu au wa mkono."

"Uongo," akasema Sita. Hakuinua kichwa, kalamu ilikuwa inaendelea kuandika. "Mpira wa kurusha hauna kuotea."

Niliinua pasi nisije nikaunguza shati. Wavulana walimgeukia. Mmoja akamuuliza, tena bila ubaya, anataka kujua tu, "We umejuaje?"

Sita akafungua mdomo. Jibu lote lilikuwa mle ndani, nalijua, nilimpa mimi tukichora uwanja kwa kijiti nyuma ya nyumba. Akawatazama wao. Akanitazama mimi. Kisha akacheka puani, kamili, kama nilivyokuwa nacheka mimi baada ya kila swali.

"Sijui," akasema. "Nimebahatisha tu."